Tulimzika Mama kwa Miguu

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Mama yangu alikuwa anazikwa kwetu Vihiga, na mimi nilikuwa hapa Kianda, Kibera, nimekaa kitandani nimevaa viatu kama mtu anayengoja kuitwa.

Usinihukumu haraka. Mke wangu Rispa alikuwa karibu kujifungua, tumbo limemtangulia hivi kwamba lilikuwa likifika mlangoni yeye bado yuko barabarani. Daktari alikataa asafiri, akakataa pia aachwe peke yake. Wazee wakapiga simu: "Kisia, kaa na mke wako. Mama tutamsindikiza sisi." Basi la matanga likaondoka na ndugu zangu wote, mimi nikabaki nikilipungia mkono kama linaenda sherehe.

Nilitaka kulia nikashindwa. Chumba cha mabati unakijua: ukipiga chafya, mtu wa ploti ya pili anakuambia pole. Sasa mwanamume ataanzia wapi kulia?

Mchana mlango ukagongwa. Ni Mama Jerida, rafiki ya mama yangu tangu wakiwa wasichana, mfua nguo wa kule Gatina, Kawangware. Nafasi yake kwenye basi alikuwa amewaachia wajukuu wa marehemu. Alikuwa amekuja kwa miguu, na binti yake nyuma.

Huyu mama vijana wa Gatina walimwita Mama Tembea. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anatoka tu, hana kikapu, hana mahali anaenda. Mimi nilimcheka sana. Wakati huo nilikuwa napiga mguu kila siku hadi Industrial Area kutafuta kibarua. Nadhani kwa hesabu ya haki ningekuwa nimeshafika Misri, nikamsalimia Farao, nikarudi. Kutembea bila sababu niliona ni kazi ya matajiri wa viatu vyeupe, wenye mbwa wanaokula vizuri kunishinda.

"Kisia, vaa viatu," akasema.

"Nimevaa, Mama."

"Sasa unangoja nini? Binti yangu atakaa na Rispa. Twende."

"Twende wapi?"

"Hakuna wapi. Twende tu."

"Mama, leo si siku ya kutembea. Leo mama anazikwa."

Akaniangalia mpaka nikainamisha macho. "Kwani wewe ulidhani mimi hutembea kwa sababu nina furaha? Nimezika mume. Nimezika watoto. Na chumba changu ni kama hiki. Ulitaka nikalilie wapi, Kisia? Ndani ya sufuria?"

Rispa naye akasema polepole, "Nenda, Baba. Mimi niko."

Vichochoro vya Kianda havibebi watu wawili sambamba, kwa hivyo yeye alitangulia, anaruka mitaro kama msichana. Kijana mmoja wa kinyozi akanipigia kelele, "Niaje Kisia! Mbona sura ni ya Jumatatu?"

"Ni ya leo," Mama Jerida akamjibu. "Wacha apite."

Tulipofika kituo cha Olympic, kwenye lami, tukaweza kwenda bega kwa bega, na hapo ndipo nikapata kuongea. Nilimwambia mambo ya mama ambayo hata Rispa hakuwa ameyasikia. Yeye akanieleza njia zake. Reli, alisema, huifuata akikumbuka nyumbani, kwa sababu anajua chuma hicho kinafika hadi Kisumu, karibu na kwetu. Siku ambayo kimya cha chumba kinataka kummeza, anaenda sokoni Kawangware, hanunui kitu, anazunguka tu akisikiliza watu wakigombania bei ya nyanya, na roho inamwambia dunia bado iko. Na siku ya kulia?

"Msituni," akasema. "Miti haiulizi kumetokea nini."

Tulikuwa tumefika pembeni mwa msitu wa Ngong Road simu ilipolia. Ndugu yangu Mudogo, kutoka kaburini. Aliiinua tu simu nisikie. Nikasikia wimbo, nikasikia mchungaji, kisha nikasikia udongo ukianguka juu ya sanduku. Mtandao ukakatika.

Nilibaki nimeishika ile simu sikioni. Mimi ndiye kifungua mimba wa mama. Mkono wangu ndio ulipaswa kuwa wa kwanza kurusha udongo, na mkono wangu ulikuwa Nairobi.

Mama Jerida akainama, magoti yakilia, akachota udongo konzi mbili. Moja akanitilia mkononi. Ulikuwa mwekundu kama wa kwetu. Akarusha wake chini ya mti. "Kageha, lala," akamwambia mama yangu. Kisha akanigeukia: "Rusha, mwanangu."

Nikarusha. Na hapo kilio kikaja. Unajua mimi hupenda kutia chumvi, lakini hapa sitii: nililia mpaka nikakaa chini.

Mwanamke mmoja wa viatu vyeupe alikuwa anapita na mbwa wake. Akasimama, akatoa waya masikioni, akainamisha kichwa hadi nilipomaliza. Hakuuliza kitu. Akaendelea na njia yake, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza yeye alikuwa ametoka nyumbani akibeba nini.

Wiki hiyo Rispa alijifungua msichana. Ni Kageha, huyu ambaye sasa ananipita kimo. Mama Jerida naye ameshatuacha. Safari hiyo nilipata kiti kwenye basi, nikarusha udongo kwa mkono wangu mwenyewe, kaburini kabisa. Lakini Jumapili ya kwanza niliporudi, miguu ilinipeleka kwenye ule mti. Nilirudi nikipitia Gatina, na nilipofika mlangoni kwake nikakuta wapangaji wageni wanaanika nguo.

Kwa hivyo mwanangu, ukimwona mtu anatembea na hana mahali anaenda, usimcheke. Hujui anamzika nani. Nyumba ikiwa ndogo kuliko uchungu wako, toka. Tafuta barabara pana ukitaka kuongea, soko ukiogopa kimya, miti ukitaka kulia. Na ukisikia jirani yako amebaki Nairobi siku ya mazishi, usimtumie ujumbe wa pole ukalala. Nenda umgongee, umwambie avae viatu.

Mungu akupe miguu mizima, mwanangu. Na siku miguu hiyo itakapokataa kusimama, akupe mtu wa kuja mlangoni kwako akuambie, twende tu.