Hita ya Hiyam na Ampea Tano

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa za Hiyam nitalia kabla sijafika mbali. Hiyam ni mjane wa mwanangu Farid. Tunaishi wawili hapa Zahle, mimi na jiko langu la dizeli sebuleni, yeye na meza yake ya kazi kwenye roshani tuliyoiziba kwa vioo. Shule aliyofundisha Kifaransa ilifungwa. Sasa alikuwa ameitwa kwenye mtihani wa kazi ya kuwatafsiria wagonjwa kwa intaneti, saa nzima bila kukatika. Ukikatika, umeanguka. Na akiikosa kazi hiyo anahamia kwa dada yake Tripoli, mimi nibaki na paka.

Januari roshani ile haikaliki. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi. Tukaenda kwa Abu Tannus, muuza vifaa vya umeme, naye akatutolea hita kubwa ya feni.

"Hii, Mama Farid, itawapasha moto mpaka majirani."

"Wati ngapi?" Hiyam akauliza.

"Elfu mbili."

"Sisi tuna ampea tano tu za jenereta ya mtaa. Nikiiwasha hiyo swichi inaanguka, umeme unakatika, na sanduku la swichi liko barabarani, ufunguo anao Shahin mwenye jenereta."

"Na Shahin akija siku hiyo hiyo ni muujiza, tuwashe mishumaa kanisani," nikadakia.

Akachagua kahita ka umeme kenye mafuta ndani, wati mia sita. Nikamcheka: "Hako kanapasha nini, kunguni?" Tulipofika nyumbani akabandika karatasi jikoni: hita, friji, taa, intaneti. Chini yake, kwa herufi kubwa: MAMA, USIWASHE KINGINE. Nilinuna siku mbili. Mimi wa kuandikiwa karatasi jikoni mwangu!

Siku ya mtihani, saa nne asubuhi, akafunga mlango wa kioo, akaanza. Haikupita robo saa, jengo zima likapiga kelele: "Umekuja! Umekuja!" Umeme wa serikali. Kwetu huo ukija kila mtu hukimbilia kazi zake za umeme, maana hujui utakaa saa moja au dakika tano. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Mashine ya kufulia, nikawasha. Tangi la maji ya moto, nikawasha. Pasi, nikachomeka. Hata nikajiona hodari.

Ndipo nikaiona ile karatasi. Umeme wa serikali ukiondoka, mzigo wote huu unaiangukia jenereta. Swichi itaanguka, na kibetri cha intaneti hakifiki dakika kumi.

Nikageukia roshani. Hiyam alikuwa akinitazama kupitia kioo, macho yamemtoka, lakini sauti yake ilikuwa tulivu, akitafsiri maumivu ya mtu wa mbali. Mkono mmoja ulikuwa chini ya meza, ukichomoa waya wa hita.

Nilikimbia na miaka yangu sabini na moja. Pasi. Tangi. Mashine ya kufulia niling'oa plagi, maji yakiwa bado tumboni mwake. Na hapo hapo taa ikazimika. Nikasimama na plagi mkononi, nikimwita Bikira Maria na kila mtakatifu niliyemkumbuka jina. Jenereta ikanguruma kule chini. Friji ikatetemeka, ikawaka. Swichi haikuanguka.

Zilibaki dakika arobaini. Niliketi jikoni nikizilinda plagi zile, hata maji ya kunywa sikuthubutu kuyafuata.

Alipotoka, midomo yake ilikuwa imepauka na meno yanagongana. "Nimepita, mama," akasema, akajikunja kando ya jiko langu.

Nikaenda kuigusa hita. Ilikuwa ya baridi. Waya ulilala sakafuni, pale pale alipouachia.

"Mbona hukuichomeka tena, binti? Nilizima vyote!"

"Nilikuona ukikimbia, mama," akasema, bila hasira. "Sikujua kama unakimbilia kuzima au kuwasha kingine."

Nikainama kuongeza dizeli kwenye jiko, apate moto.