Karamu ya Kibretani Mtaa wa Rawdah

Harufu ya siagi ya chumvi inapoanza kuungua kwenye chuma hunirudisha Jeddah, mtaa wa Rawdah, nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Sisi asili yetu ni Unguja. Babu na bibi walihamia huko baada ya Mapinduzi, na nyumbani tulikula wali wa nazi na mchuzi wa samaki kama ndugu zetu waliobaki. Siagi ile haikuwa yetu. Ilinukia kutoka jikoni kwa jirani, mwanamke tajiri ambaye wafanyakazi wake walimwita Madam. Mwaka ule alirudi kutoka mapumzikoni Bretania, pembe ya Ufaransa inayochomoza baharini, akiwa na chuma cha mviringo cha kuchomea na mifuko ya unga wa kijivu, akaapa kuwalisha marafiki zake vyakula vya huko.

Kuapa aliapa yeye. Kupika alipika Kerubo. Huyu alikuwa binti wa Kisii, aliyeletwa na wakala wakati Wakenya walipokuwa wakimiminika Saudia kufanya kazi za nyumbani. Kiarabu chake kilikuwa yalla, yaani haya twende, na mafi, yaani hakuna, basi kila alasiri Mama alinituma nikawe mkalimani wao. Nilitafsiri mapishi ya galeti, nyembamba kuliko chapati za maji, zinazokunjwa pembe nne juu ya yai na jibini. Nilitafsiri pia ile keki ya siagi inayokunjwa tabaka kwa tabaka, mpaka sukari igeuke kahawia na kunata menoni. Galeti za kwanza ziliungua. "Huu unga una kiburi kama mwenyewe," Kerubo alisema akicheka, akachoma nyingine. Malengelenge yalimtoka vidoleni. Hatimaye ilipotoka moja nzuri, laini katikati na kavu pembeni, alinipa mimi.

Kikabaki kinywaji. Kule Bretania galeti huteremshwa kwa sida, maji ya tufaha yaliyochachuka. Sida ni kileo, na kileo Saudia ni jela. Madam alidai anataka povu tu. "Mwambie atie hamira, afunge chupa, aziache penye joto," aliniagiza. Kerubo akasita. "Muulize, si itakuwa pombe?" Nikauliza. Madam akapunga mkono kama afukuzaye nzi: "Halas, basi! Afanye ninavyosema."

Siku ya karamu wageni walikula wakasifu, na Madam akazipokea sifa zote kana kwamba yale malengelenge yalikuwa vidoleni mwake. Kisha chupa ikafunguliwa, kizibo kikaruka, povu likatapakaa mezani. Mama mkwe wake akanusa glasi. "Hii ni khamri!" Madam hakupepesa hata jicho. "Ni huyu Mkristo wangu," alisema. "Kanigeuzia juisi kuwa pombe ndani ya nyumba yangu." Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Nikapaza sauti kwa Kiarabu: "Wewe ndiye uliyemwambia! Mimi nilitafsiri!" Alinishika bega, akanitoa nje, akafunga mlango.

Nilimkimbilia Mama. Mama ni mtu wa sauti ya chini, aliyetulea kwa msemo wa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alivaa abaya yake, akagonga kwa jirani mpaka mume wa Madam akafungua. "Baba," alimwambia, "ukiita polisi, mwanangu atasema alichosikia, nami nitasimama naye." Polisi hawakuitwa. Lakini kesho yake Kerubo alirudishwa kwao, mkataba wake haujafika hata nusu. Getini alinikumbatia. "Usilie, mdogo wangu. Wewe umesema." Madam akatangaza mtaani kwamba amemsamehe. Amemsamehe! Kosa la nani?

Leo Jeddah imejaa mikahawa inayouza galeti, na watu huzipiga picha kabla ya kuzila. Kerubo anaoka mikate Kisii, ana watoto wawili, na nikimpigia simu hataki tuzungumzie mambo yale. "Nilishamsamehe," husema. Hiyo ni haki yake. Mimi sijasamehe, na sioni aibu. Madam amezeeka sasa, na kwenye harusi bado huwasimulia watu jinsi alivyopika Kibretani kabla ya mtu mwingine yeyote Jeddah. Akinisalimu naitikia, maana kuitikia salamu ni faradhi. Chakula chake sili.