Kisu cha Kukunja Chaenda Harusini Naivasha

Nilitoka Bondeni, hapa Nakuru, kwa sababu mpwa wangu Kimani alikuwa anaoa na alikuwa amekataa visu vyote vya kibanda changu. Mimi huuza vifaa vya mitumba: nyundo, misumeno, spana, visu vya kila ukubwa. Mtu wa damu yangu kukataa bidhaa yangu mbele ya wateja si jambo dogo. Nilimpangia visu sita mezani. Nilivihesabu mara mbili, kwa sababu kijana mwenye mapenzi anaweza kutia kitu mfukoni bila kujua.

"Anko, hizi ni poa," alisema, "lakini mimi nataka ile ya baba."

Baba yake, Njoroge, alikuwa dereva wa lori na shemeji yangu. Alipougua ugonjwa uliomwondoa, kisu chake kikubwa cha kukunja alimwachia rafiki yake pale Salgaa, akasema kijana apewe siku ya kukata nyama yake. Kwetu, siku ya ndoa ya kienyeji, bwana harusi huletewa bega la mbuzi lililochomwa, akalikata kwenye kiungo mbele ya wazee na kumlisha mke wake. Hapo ndipo ndoa inapofungwa. Hakuna anayekuuliza kama una kazi. Wanatazama mkono.

Sasa, kisu cha kukunja kina tabia yake. Kikiwa kizima, kinafunguka, kinalia *tak*, na kinasimama kama kisu cha kawaida. Kikiwa kibovu, ukikandamiza kwenye mfupa kinajikunja, na vidole vyako ndivyo vilivyo njiani. Kwa hiyo nilimwambia Kimani: "Nitakuletea. Lakini nisipokiamini, hutakishika. Utakata na kisu cha jikoni."

"Ni hicho ama hakuna," akasema. Ana kichwa cha baba yake.

Jumatano asubuhi nilipanda pikapu ya kabeji ya jirani yangu hadi Salgaa. Malori yalikuwa yamepangana kando ya barabara, na madereva walikuwa wanapiga mswaki huku wakitukanana kwa upole. Rafiki wa Njoroge anaitwa Mzee Koech, naye aliacha usukani akafungua hoteli ya nyama. Nilimkuta akikatakata mbavu na kisu kile kile nilichokuja kuchukua.

Hapo nilijua kazi ipo. Ni kisu kizuri: ulimi mrefu kama kiganja changu pamoja na vidole, mpini wa mti mweusi, ncha zake zimevikwa shaba. Lakini shaba ilikuwa imegeuka kijani, na kwenye bawaba kulikuwa na mafuta ya nyama ya miaka yote ile, yameshikana na vumbi mpaka yakawa kama lami.

"Mzee, nimekuja kuchukua mali ya kijana."

"Najua. Nimesikia anaoa." Hakuacha kukata. "Na mimi nitakata nyama na nini? Na meno?"

"Nimekuletea kisu cha bucha. Kipya karibu."

"Karibu ni wapi?"

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Yeye alitaka kisu cha bucha na jiwe la kunoa. Mimi nilitaka atoe kisu cha Njoroge na sahani ya nyama. Mwishowe alipata kisu cha bucha na jiwe, nami nikapata cha Njoroge, nyama na beseni la maji ya moto. Ukiniuliza, sikushindwa, maana beseni nilikuwa nalihitaji.

Nilisafishia pale pale, juu ya meza ya nyuma, na nitaeleza kwa sababu wengi huharibu hapa. Kisu cha namna hii hakilowekwi. Mpini wa mti unavimba, halafu ukikauka unapasuka. Unachovya mswaki wa zamani katika maji moto yenye sabuni ya kipande, unasugua bawaba kikiwa wazi, kisha unafuata ule mfereji ambamo ulimi hulala. Kilichobaki unakitoa kwa njiti ya ufagio. Mahali pa kuangalia zaidi ni mgongoni. Kuna kipande cha chuma kama kidole, kina jino, na jino hilo huingia kwenye pengo nyuma ya ulimi. Ndilo kufuli. Uchafu mdogo kama punje ya chumvi ukikaa katika pengo hilo, jino haliketi.

Nilisuuza, nikafuta, nikakiacha kipigwe na upepo. Juani sikukiweka, mti haupendi. Kisha nilitia tone moja la mafuta meupe yanayouzwa duka la dawa, yale watu hunywa tumbo likiwa gumu. Hayana ladha wala harufu, na hayagandi. Mafuta ya kupikia yanaganda, na mafuta ya gari hayaendi pamoja na nyama ya harusi. Nilifungua na kufunga mpaka yakaenea, nikapangusa yaliyozidi, nikanoa, na mwisho nikausugua ulimi kwenye ngozi ya mshipi wangu.

Jaribio la kufuli nalo ni hili: shika mpini vidole vikiwa mbali na njia ya ulimi, gonga mgongo wa kisu kwenye mbao, si kwa nguvu. Nikagonga. Kikasimama. Nikagonga tena. Kikasimama.

"Mbona mara mbili?" Mzee Koech akauliza.

"Mara ya kwanza ni ya kisu. Ya pili ni yangu."

Alinitazama kama mtu aliyeuza ng'ombe wake mapema. "Njoroge alikuwa anakipenda hivyo hivyo," akasema, akarudi kwenye mbavu zake.

Jumamosi saa mbili asubuhi tuliondoka Nakuru na gari la kukodi, ukoo mzima na zawadi zake. Kisu nilikibeba mimi. Kukibeba nako kuna akili yake. Hakiendi mfukoni, kwa sababu ukikaa vibaya mfuko unakuwa jeraha, na kwa sababu kisu kikubwa mfukoni kina maelezo mengi ya kutoa. Nilikikunja, nikakiweka ndani ya ala yake ya ngozi, nikakifunga kwa kitambaa pamoja na aproni, mswaki, njiti na chupa ya mafuta, vyote ndani ya mkebe wa biskuti. Mtu akiufungua anaona kazi, haoni ugomvi.

Kabla ya Gilgil tulisimamishwa na polisi. Sikungoja kuulizwa.

"Afande, kwa mkebe huu kuna kisu. Kikubwa. Tunaenda kukata nyama ya harusi."

Alikitoa kwenye ala, akakipima mkononi, akatazama wamama waliovaa sare moja, akatazama bwana harusi aliyekuwa anatoa jasho asubuhi yote hiyo.

"Mnaenda kuoa ama kuachana?"

"Itategemea na nyama, afande."

Alikifungua, akasikia *tak*, akakifunga polepole kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nilimheshimu. "Mkirudi nataka kujua kama ilikata," akasema, akanirudishia. Tulipita Kikopey, pale wanapochoma nyama kando ya barabara, na harufu ya nyama ya watu wengine, tukaendelea.

Saa nne tulifika nyumbani kwa kina Nyambura, bibi harusi, nje kidogo ya mji wa Naivasha upande wa mlima, ambako ukigeuka unaona ziwa na mapaa meupe ya mashamba ya maua. Lango lilikuwa limefungwa, na wanawake wa boma walikuwa ndani wanaimba kwamba hawatujui. Msemaji wao alikuwa shangazi wa bibi harusi, Tata Wanjiku, mama mfupi mwenye kilemba kilichoshikwa na pini nyingi.

"Ninyi ni kina nani, na mmepotea mkienda wapi?"

"Tumesikia kuna ua zuri hapa," wazee wetu wakajibu.

"Maua yako kule chini, nunueni kwa shamba."

Hapo ndipo nilipoitwa mbele, maana hii ndiyo kazi yangu. Yeye alidai leso sita, mimi nilikuwa nazo nne garini, nikaanza na mbili. Tulipofika nne, nikizihesabu mara mbili mbele yake, na kreti ya soda, akaona mkebe.

"Na hiyo?"

"Kisu cha bwana harusi."

"Mgeni haingii kwa watu na kisu mkononi. Lete. Mtakipata wakati wa nyama."

Nilipima. Wazee walikuwa juani, na alichosema kilikuwa na adabu yake. Nikatoa kisu kupitia lango, na lango likafunguka. Mkebe nilibaki nao.

Saa saba na nusu, baada ya hotuba ambazo sitazirudia kwa sababu wenyewe walizirudia, bega la mbuzi lililetwa kwenye sinia. Kimani na Nyambura walisimamishwa mbele. Tata Wanjiku alileta kisu juu ya kitambaa cheupe, na kweli kiling'aa kuliko nilivyokitoa. Kiling'aa sana.

"Mathe, mlikitumia?"

"Viazi vilikuwa gunia mbili na visu vyetu vimelala. Hiki kinakata. Lakini nimekiosha mwenyewe, maji moto na waya wa kusugulia sufuria, kila pembe. Hutapata uchafu."

Nyumba yenye heshima hairudishi chombo cha mgeni kikiwa kichafu. Alikuwa amenifanyia wema wote aliojua. Nilikifungua. Kililia, lakini sauti ilikuwa nzito, kama mlango wenye mchanga.

Wazee walikuwa wananitazama. Nikageuza kisu, nikagonga mgongo wake kwenye ukingo wa meza. Kikasimama.

"Haya, mpe kijana," mzee mmoja akasema. "Nyama inapoa."

"Dakika, mzee."

"Unaogopa kisu chako mwenyewe?" Tata Wanjiku akauliza, na kina mama wakacheka.

Niligonga tena. Kisu kikajikunja, polepole, bila kelele, kama mtu anayesinzia kanisani. Kicheko kikakatika. Kimani, aliyekuwa amenyoosha mkono kukipokea, aliurudisha akautia mfukoni.

Nilimsogelea. "Kuna kisu cha jikoni. Hakuna atakayekucheka."

Akatikisa kichwa. "Anko, ni hicho ama hakuna."

"Basi ningoje. Na mkono ubaki hapo mfukoni mpaka nikwambie."

Nilikigeuza juani. Mfereji ulikuwa na uji mweupe wa viazi uliokauka, huo haukunishangaza. Lakini ndani kabisa ya pengo la kufuli kulikuwa na kitu kinachong'aa, chembamba kuliko unywele: uzi wa waya wa sufuria. Ulikuwa umekatikia pale, na jino lilikuwa linakalia uzi badala ya kuketi. Nilijaribu njiti ya ufagio, ikavunjika. Nilijaribu ya pili, nayo ikavunjika.

Tata Wanjiku alikuwa amesimama begani kwangu. Aliuona uzi wakati ule ule nilipouona. Alipandisha mkono kichwani, akachomoa pini moja kutoka kwenye kilemba, akanipa, na upande mmoja wa kilemba ukamwangukia sikioni mbele ya wageni wote. Hakukirekebisha.

Niliingiza pini chini ya uzi, nikavuta. Ukatoka mzima, umepinda kama ndoano. Birika la maji ya kunawa mikono lilikuwa pale pale, nikamwagia bawaba, nikasugua kwa mswaki, nikapuliza, nikafuta kwa kitambaa changu mpaka ndani, nikatia tone la mafuta, nikapangusa. Kisha nikafungua. *Tak.* Kavu, safi, kama pale Salgaa.

Niligonga, kikasimama. Nikagonga tena, kikasimama. Niliongeza ya tatu, ambayo si kawaida yangu, kwa sababu kilikuwa kimeshanidanganya mara moja.

"Toa mkono," nikamwambia Kimani.

Nilimpa kikiwa wazi, mpini ukimwelekea. Alitafuta kiungo kwa kidole gumba, akakipata, akaingiza ncha, akakandamiza. Nilitazama mgongo wa kisu, sikutazama nyama. Haukutikisika. Kiungo kiliachana kwa mkato mmoja, Nyambura akafungua mdomo, na vigelegele vikapanda mpaka sikusikia nilichokuwa nasema, ingawa nadhani nilikuwa najisifu.

Jioni, kabla ya kuondoka, nilimkalisha Kimani na mkebe. Nilimwonyesha tena mswaki, tone moja, kupangusa, kugonga. Nikamwambia kisikae ndani ya ala kikiwa nyumbani, ngozi hunyonya unyevu na chuma hushika kutu. Ala ni ya safari tu. Nyambura, ambaye hukata waridi kazini, alisikiliza vizuri kuliko yeye. Kisu kitadumu.

Tata Wanjiku alinisindikiza hadi langoni. Nilimpa pini yake. Alikataa.

"Hiyo nimekukopesha. Utairudisha siku ya kuja kuona mtoto wao. Na uje na zile leso mbili."

"Leso zilikuwa nne, na nne nilitoa."

"Nilidai sita. Mimi pia huhesabu mara mbili, mzee wa Bondeni."

Karibu na Gilgil, afande alikuwa bado pale. Alimulika mkebe, akaufungua: aproni, mswaki, njiti, chupa, pini moja.

"Kisu iko wapi?"

"Kimeoa, afande."

Akacheka, akatupungia tupite. Nilichojifunza safari hiyo ni kidogo, nami nakiandika kwa sababu kina faida: kisu chako kikipita mikononi mwa mtu anayekupenda, kikague zaidi ya kilichopita mikononi mwa mwizi. Mwizi hana muda wa kukiosha. Pini niliichomeka ukosini mwa koti na sijaitoa. Leso mbili nimeshaanza kuzibembelezea bei hapa Bondeni, na muuzaji anajifanya hanielewi.