Chumvi ya Baba na Paa wa Harold Hill

Sisi tuliokuwa watoto wa London miaka ile ya tisini tunajuana hata tukikutana leo harusini, kila mmoja na kitambi chake. Ndio sisi tuliokwangua kadi za simu kwa ukucha ili Mama azungumze na nyumbani, tukapanga foleni nyuma yake na salamu zetu mdomoni, na kadi ikakatika kabla zamu yetu haijafika. Ndio sisi tuliocheza mdako juu ya zulia la sebuleni kwa vijiwe vya kuokota kituo cha basi, maana nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulifuata muhogo na ndizi mbichi hadi Tottenham, tukarudi na mifuko imetuchora vidole. Wanangu leo wanabonyeza simu, muhogo unaletwa mlangoni, na bado wananuna kwamba umechelewa.

Ila nyumbani kwetu kulikuwa na jambo jingine, na hilo wenzangu wengi hawakulijua. Tulikuwa na paa.

Halmashauri ilitupa nyumba Harold Hill, mwisho kabisa wa London upande wa mashariki, pale nyumba zinapokwisha na miti inapoanza. Paa walikaa kwenye miti hiyo. Usifikirie paa wetu wa Unguja, wale wadogo wanaopita kichakani usiwaone. Hawa wa Kiingereza walikuwa wakubwa kama ndama, wana madoa mgongoni, na madume yao yana pembe pana kama viganja vya mikono. Jua likizama walitoka mmoja mmoja, wakapita mbele ya milango ya watu bila haraka, na hakuna aliyewafukuza. Mama alipowaona mara ya kwanza alifunga pazia akasoma Ayatul Kursi.

Baba yeye alifurahi. Kwao Makunduchi alikuwa na ng'ombe wake aliowajua kwa majina, akiamka alfajiri kwa ajili yao kabla hajajiamkia mwenyewe. Siasa zilimtoa huko, na hapa London tulikuwa tunasubiri makaratasi ya kuruhusiwa kukaa. Mtu anayesubiri makaratasi haruhusiwi kufanya kazi. Basi Baba aliendelea kuamka alfajiri, akaswali, akakaa karibu na hita akitazama mikono yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mdogo wangu Nassor alikuwa na sita, na tulimwonea huruma bila kujua neno la kuiita.

Siku moja akatoka kutembea, akarudi amekumbatia jiwe jekundu lenye ukubwa wa tofali. Lilikuwa jiwe la chumvi yenye madini, lile wanalowekewa farasi walambe. Alilinunua kwenye duka la vifaa vya farasi kule yanakoanza mashamba. Mama alimuuliza kama tutalipikia mchuzi. Baba akasema ni la paa, kwamba majike wenye mimba huitaka sana chumvi ile, na madume huitaka pembe zinapoota. Mama akasema haya, mume wangu kaanza kuchunga ng'ombe wa watu. Lakini alicheka, na miezi mingi ilikuwa imepita bila kicheko ndani ya nyumba ile. Baba akaliweka jiwe nyuma ya nyumba, pembeni mwa uzio uliokuwa na pengo.

Ramadhani miaka ile iliangukia katikati ya baridi. Tulifuturu saa kumi jioni, na sisi watoto tukajiona mashujaa wa saumu. Vijana wa siku hizi wamefunga mpaka saa tatu na nusu usiku, na kwa hilo nawavulia kofia. Mama alikaanga sambusa na kupika uji wa pilipili manga, na kila siku nilipeleka sahani kwa Mzee Ron, Mwingereza mjane wa nyumba ya pili, ambaye hakuwahi kuirudisha tupu. Saa yetu ya mezani, ile yenye umbo la msikiti iliyokuwamo katika kila nyumba ya Mswahili, ilitoa azana ya Magharibi. Tukiinua macho, paa walikuwa wameshafika.

Hatukuwahi kuwasikia wakija. Walisimama nyuma ya dirisha la jikoni, pumzi zao zikitoka moshi, wakilamba jiwe kwa zamu. Ndimi zao zilisikika mpaka ndani, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga taratibu. Waliosubiri zamu hawakula majani. Walitutazama. Nilikuwa na tende mdomoni na sikuweza kutafuna, maana macho yale hayakupepesa, na kila siku yalikuwa mengi kuliko jana. Baba aliwataja kama jamaa zake. Alikuwako jike mmoja mwenye sikio lililochanika, akampa jina la ng'ombe wake, Maua.

"They're waiting for someone," Nassor alisema siku moja, kwamba wanamngoja mtu, na Mama akamwambia ale.

Kisha akaja Ami Seif kufuturu nasi, rafiki wa Baba kutoka Tooting. Mtakumbuka kwamba wakati ule Mzanzibari yeyote aliyetutangulia London miaka miwili mitatu alikuwa wakili. Alijua ofisi gani ukatae chai na ofisi gani ulie. Ami Seif aliwaona paa, akaliona jiwe, akaweka kikombe chini.

"Wewe bwana, hao ni wa Malkia. Ukimvuta kwa chumvi ushamtega. Watakufunga, na wakimaliza watakupandisha ndege na wanao."

Hakuna aliyebisha, nani angebisha? Sheria ya nchi hii kwetu ilikuwa kama umeme wa ukutani, hatukuielewa na tulijua inaua. Baba alitoka palepale, akalifunga jiwe ndani ya mfuko, akalificha chini ya ngazi nyuma ya mashine ya kufagilia. Kwa akili yake kosa lilikuwa limekwisha.

Lakini mvua ilikuwa imeshaiyeyusha chumvi ikazama ardhini. Kesho yake Magharibi walikuja vilevile, na walipolikosa jiwe wakaanza kupiga kwato na kula udongo. Asubuhi kulikuwa na shimo. Baba akalifukia. Asubuhi iliyofuata liko wazi, kubwa zaidi. Akalijaza matofali, wakayalamba matofali na kuyasukuma kando. Akalifunika kwa mlango mbovu, mlango tukaukuta umelala mbali. Kila baada ya swala ya alfajiri nilimsikia na koleo lake, anafukia ushahidi, na kila jioni walirudi kuufukua. Kingo za shimo zilikuwa laini, zimeng'arishwa na ndimi. Lilirefuka upande mmoja, si la mviringo, na Mama akilitazama kutoka dirisha la juu alisema lina urefu wa mtu aliyelala. Akaacha kuanika nguo upande ule. Mimi niliacha kulala uso umeelekea dirishani.

Baada ya sikukuu ndipo ikaja gari nyeupe, gari ya mizigo isiyo na maandishi. Ilisimama mwisho wa kichochoro kabla jua halijazama. Walikuwamo wanaume wawili na mbwa warefu wembamba ambao hawakubweka hata mara moja. Walikuja hadi kwenye pengo la uzio, wakalitazama shimo letu, wakatazama nyayo. Mmoja aliinua uso akaniona dirishani. Akaweka kidole mdomoni, akatabasamu, kama mtu tuliyekubaliana naye jambo.

Nilimwambia Baba. Alikwenda ukumbini, akainua simu, nikasikia ule mlio wake mrefu unaokungoja ubonyeze namba. Mama alisimama mlangoni.

"Watauliza nani kawaita paa," alisema.

Baba alishikilia ile simu mpaka mlio ukabadilika. Halafu akairudisha mahali pake. Gari ile ilirudi jioni nyingine, na nyingine tena, ikisimama tu na kuondoka, na kila ilipokuja Baba alitembea kati ya simu na dirisha. Aliogopa kwa ajili yetu, mimi na Nassor na Mama, na mimi nilikuwa mkubwa kiasi cha kujua hilo. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa pamoja.

Siku yenyewe kulikuwa na ukungu. Tulikuwa kwenye msala, Baba mbele. Nje hakukuwa na mlio wa bunduki wala mbweko. Kulikuwa na miguu mingi inayokimbia, kisha sauti moja, kama mtoto anayekohoa. Baba alikatika katikati ya sura. Akaanza upya, akakatika palepale. Mara ya tatu aliifikisha, na tukarukuu nyuma yake huku miguu ile nje imeshanyamaza.

Asubuhi barafu juu ya majani ilikuwa nyekundu. Ndani ya shimo walikuwa wameacha kichwa chenye sikio lililochanika, na matumbo, na kitu kidogo ambacho Mama alikifunika kwa kanga yake kabla hatujakiona vizuri. Baba alikaa juu ya matofali na kofia yake mkononi.

Mzee Ron ndiye aliyepiga simu polisi. Alikuja askari mwanamke, kijana, mwenye mashavu mekundu kwa baridi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba, kama watoto wengi wa enzi zetu. Tuliwatafsiria wazazi wetu daktari, benki na mwalimu wetu mwenyewe anayetushitaki. Baba aliteremka ngazi amevaa suti yake ya sikukuu. Mkononi alikuwa na begi dogo. Ndani, Mama aliniambia baadaye, mlikuwa na taulo, mswaki na msahafu.

"Mwambie chumvi ni yangu," aliniambia. "Nilowaita ni mimi."

Nikamwambia. Yule askari alitazama begi, akanitazama mimi, akasema polepole ili nisikosee. Kumwekea paa chumvi katika bustani yako si kosa. Kosa ni sumu, ni mtego, ni wavu, na ni kuingia ardhi ya watu kuwinda bila ruhusa kama walivyofanya wale, ambao polisi walikuwa wanawatafuta siku nyingi. Nilimuuliza kuhusu Malkia. Akatabasamu kidogo, akasema Malkia ana wake kwenye bustani zake, hawa wa porini hawana mwenyewe. Baba alinitaka niirudie sentensi hiyo, nikairudia.

Kisha akauliza gari ile tulianza kuiona lini. Nikamweleza. Kalamu yake ikasimama.

"Baba," nikasema, "anauliza kwa nini hukupiga simu. Anasema wangekuja."

Askari alimngoja, na mimi nilingoja nitafsiri, na lile begi lilikuwa bado liko mkononi. Mwishowe yule mwanamke alifunga daftari lake akasema amesikitika.

Wiki ile Baba alichimba udongo wote uliokolea chumvi mpaka akafika kwenye udongo wa mfinyanzi, akautia kwenye magunia ya mchele, Mzee Ron akamsaidia kuupeleka kutupwa. Paa waliobaki walikuja hata hivyo. Alitoka akawapigia kifuniko cha sufuria. Walimtazama tu, mmoja akamsogelea. Ndipo akaokota jiwe. Mtu yule aliyekuwa akimgomba Nassor kwa kumtupia njiwa kokoto alimpiga paa shingoni, na akampiga wa pili, akawafokea kwa Kikae cha kwao Makunduchi ambacho sikukielewa. Wakakimbia. Alirudi ndani, akanawa, na hakula. Ilimchukua jioni nyingi kuwafundisha kutuogopa, na majani ya miti yalipoanza kuchipua walikuwa wamejifunza. Makaratasi yetu yalitoka miaka mingine mitatu baadaye, na Magharibi nyuma ya dirisha la jikoni hapakuwa na kitu.

Sasa Baba anakaa kwangu, ana pasi ya nchi hii na miguu haimtii vizuri. Enzi zetu, huwa nawaambia wanangu, mtoto hakupaza sauti mbele ya mkubwa, wala hakutaja mambo ya nyumbani kwa mtu wa ofisi. Tulikuwa na adabu, nasema. Wao wanageuza macho. Wanajua haki zao zote, wanazidai kwa mwalimu, kwa dereva wa basi, na kwangu mimi mama yao nikiwaambia waoshe vyombo.

Mwezi uliopita kijana wangu Imran aliona watu wanavunja gari la jirani. Hakuniuliza. Alipiga polisi palepale sebuleni, kwa sauti ya mtu anayeagiza chakula, akaeleza, akatoa anwani yetu, akataja jina lake na kulitamka herufi moja moja. Nilinyoosha mkono nimpokonye simu, na Baba kutoka kitini pake akanishika kiwiko.

Imran alipomaliza, Baba alimuuliza kama wamesema watakuja.

"They're on their way, Babu."

Baba aliniangalia. Bado alikuwa amenishika mkono, na macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Kawapa na jina lake," aliniambia.