Lori Lililolala Kushoto

Ipo Ijumaa moja ninayoikumbuka kila ninapoona mtu ameinama na jeki mkononi. Jana ulinitumia picha ya lori lako kuukuu, ukaniomba nikukatie kipande cha mti cha kuinua upande mmoja ili likae sawa. Sikukujibu. Mwanangu, nimekaa na picha ile tangu jana, na jibu langu ni refu kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilifanya kazi mjini Arusha, kwenye gereji ya Fundi Gurdev, Singasinga aliyezaliwa hapa hapa, aliyesema Kiswahili polepole kama mtu anayehesabu nati. Shuleni sikufika mbali. Ufundi niliupata kwa kutazama, na kwa kusoma vitabu vya magari vilivyochakaa, ambavyo Fundi aliviweka kabatini. Anayejifundisha mwenyewe ana hatari moja: hakuna wa kumwambia ni ukurasa gani ameuruka.

Anaeli alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Baba yake alimwachia lori la tani tatu, naye alilitumia kushusha ndizi kutoka vijiji vya juu hadi sokoni Tengeru. Ijumaa ile alinifuata nyumbani.

“Kaka, gari limelala kushoto. Akina mama wa ndizi wananicheka, wanasema linachechemea kama bibi harusi aliyebanwa na viatu. Kesho ni soko.”

“Jumatatu tulipeleke kwa Fundi,” nilisema.

“Jumatatu soko limeshapita. Au huwezi kitu bila yule mzee wako?”

Neno hilo lilinichoma. Tukaanza kazi pale pale uani.

Uani kwetu, kama nyua nyingi za upande ule wa Meru, kumeinama. Huuoni mwinamo huo, kwa kuwa umezaliwa juu yake. Niliweka pima maji kwenye bodi ya lori, na tone la hewa likakimbilia kulia. Kushoto kuko chini, nikasema. Sikuiweka pima maji ile ile chini, kwenye udongo. Ingenichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Nikakata gogo la mkaratusi lenye unene wa vidole vinne. Nikazuia gurudumu moja kwa jiwe, nikasimamisha jeki juu ya udongo mweusi uliolegea, nikapanga mawe chini ya chasisi, nikaingia uvunguni. Nikalegeza yubolti, yaani zile boliti zilizopinda zinazobana springi na ekseli, nikaingiza gogo katikati, nikafunga tena kwa boliti zile zile za zamani. Sasa zilikuwa fupi, na nati zilishika ncha tu. Lori halikuniangukia. Hilo nalo lilinidanganya.

Tone la hewa likatulia katikati. Anaeli akanipiga begani, akaniambia nipande tulijaribu. Tulipofika kwenye lami iliyonyooka akasema, “Sasa limelala kwangu.”

Alikuwa kwenye usukani, upande wa kulia. Nikamjibu, “Likibeba mzigo litatulia.” Maneno hayo matatu, mwanangu, nimeyarudia moyoni mara nyingi kuliko sala yoyote ninayoijua.

Kesho yake asubuhi alikuwa akishuka na ndizi, na penye kona kali gogo lilipasuka. Nati zikachomoka, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, lori likayumba na kuangukia mtaroni kwa ubavu wa kulia. Iliwabidi watu wakate mlango ili kumtoa Anaeli. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti siku ile ile.

Watu walisema ni ubaya wa barabara. Niliwaacha waseme.

Jumatatu lori lilivutwa hadi gereji, likasimamishwa kwenye sakafu ya saruji. Fundi Gurdev alitoa vipande vya mkaratusi, akafunga springi kama zilivyokuwa mwanzo, akapima kila upande kutoka ekseli hadi chasisi. Akapima tena. Tofauti haikufika upana wa kidole.

“Ulipimia wapi?”

“Uani kwetu.”

Alikunja futi yake. “Umepima mlima,” akasema. “Gari hujalipima.” Kisha akaongeza, “Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?”

Nilikwenda hospitali mwenyewe. Mama yangu mdogo alikuwa ameketi kando ya kitanda akimenya chungwa. Nilisema yote mbele yake. Anaeli aliuliza jambo moja tu.

“Kwa hiyo gari lilikuwa zima?”

“Lilikuwa limechoka kidogo.”

Akageukia ukutani. Mama yangu mdogo aliendelea kumenya chungwa ambalo lilikuwa limeshamenywa.

Leo Anaeli anaishi Sekei. Tunasalimiana, na sikukuu tunakula pamoja. Hajapanda tena gari nililolitengeneza mimi.

Basi nisikilize. Shusha mzigo wote, ujaze tairi upepo sawasawa, kisha pima sakafu kabla ya kupima gari. Ukishapima, geuza lori lielekee lilikotoka, upime upya. Kama mlalo umehamia upande wa pili, kosa ni la ardhi. Hesabu majani ya springi, yale mabamba ya chuma yaliyopangana, pande zote mbili, utafute lililovunjika. Zikiwa zimechoka, peleka zote mbili kwa fundi wa springi, usitengeneze moja ukaiacha nyingine. Funga yubolti mpya zenye urefu unaotosha, na uzikaze tena baada ya siku chache za kazi. Lori likiwa juu, liketi kwenye stendi za chuma juu ya saruji, magurudumu yamezuiwa, wala usiingize mwili wako chini ya kitu kinachoshikwa na jeki peke yake. Gogo la mti usiweke, na ekseli ya mbele usiiinue kwa kipande cha kitu chochote. Na dereva akikuambia gari limelala kwake, lisimamishe hapo hapo.

Kipande ulichoniomba sitakikata. Lilete lori, sakafu yangu nimeipima. Mungu akupe mikono isiyo na pupa, akuzeeshe na miguu yako miwili, na ndugu zako wapande gari ulilolishika wewe bila kusita mlangoni.