Liwa Kushoto, Krimu Kulia

Winfrida, mkaanga korosho wa Mkomaindo, alijua kucheka hadharani mpaka alipomzaa kitinda mimba wake. Madoa meusi yakamtambaa mashavuni, na toka hapo upindo wa kanga hauishi usoni. Sasa binti yake mkubwa, Happiness, alikuwa anaolewa Lulindi baada ya miezi miwili na ushei, na mama mtu ameapa kwamba picha ya harusi hapigwi na madoa, bora asipigwe kabisa.

Jirani yake Esha akamsifia liwa, mti wa kusaga na kupaka usoni. Naima wa duka la dawa akampa krimu. Winfrida haamini mtu bure, akawashindanisha: liwa shavu la kushoto, krimu la kulia. Naima alikuwa bado anaeleza, "Na jua, Mama Happiness, na moto pia," lakini mteja keshatoka zamani.

Wiki ya sita kioo kikatoa matokeo. Kushoto kumetakata, kulia kweusi ti. Winfrida akaitangazia barabara nzima kuwa krimu ni kazi bure, akaihamishia liwa kulia. Wiki mbili, wapi.

Ng'ambo ya barabara alikaa Hamidu, fundi baiskeli. Yeye Myao, Winfrida Mmakua, watani wa jadi, kwa hiyo alisema ambalo mume asingethubutu.

"Mama Happiness, ubishi wa Kimakua utakuzika. Miaka yote unakaanga hapo hapo. Kushoto una ukuta, kulia una jua na bati la moto. Hukushindanisha dawa wewe, umeshindanisha kivuli na jua."

Winfrida akageuza korosho kwa kishindo. Imebaki wiki moja, na moto huo huo ndio ulionunua shela. Alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Kesho yake akakuta kigoda chake kimekaliwa. Hamidu anageuza korosho, jasho linamtiririka.

"Nenda kwa Naima ukasikilize nusu iliyobaki," akasema. "Uso wa Myao hauna cha kupoteza."

Siku ya harusi doa la kulia lilikuwepo, limefifia kwa anayetaka kusema hivyo. Winfrida akaanza kujipanga ubavu. Happiness akamshika kidevu, akamgeuza, akaegemeza shavu lake juu ya lile jeusi.

"Upande huu, mama. Ndio ulionisomesha."

Winfrida akaiachia kanga ianguke begani. Mpiga picha alipoinua kamera, Hamidu akajipenyeza pembeni.

"Na shavu langu la kulia lionekane," akasema. "Lina wiki nzima motoni."