Asali ya Ukutani kwa Bwana Karim

Siku yangu ya kwanza maabara, pale Mbeya, sikuoneshwa hadubini. Mtafiti Mkuu, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alinionesha sufuria na gunia la mwani mkavu kutoka pwani.

"Uoshe, uchemshe, uchuje. Ute wake ukiganda vizuri, umeajiriwa."

Mimi niliyesomea ufundi sanifu nikajifunga kanga kiunoni. Majirani zangu wa Mwanjelwa waliposikia walinitania wee: eti Atu kaenda shule kupika mlenda wa baharini. Nilichoka siku ile ile, na sidhani kama nimepumzika mpaka leo.

Ute wa mwani ukipoa hushikana kama uji wa jana. Tuliumimina kwenye visahani, tukaotesha bakteria juu yake, kisha tukadondosha asali. Bakteria wakifa, panabaki duara safi kuzunguka tone. Asali tuliyoipima ni ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo ni nyepesi na huchuruzika. Shabaha yetu ilikuwa kuichanganya na ute huo huo ili ishike kwenye kidonda.

Nikatumwa Iringa kutafuta nyuki. Mlandege kulikuwa na duka la vitambaa la Bwana Karim, Mhindi wa kuzaliwa hapo hapo, anayeamkia "kamwene" kuliko Wahehe wenyewe. Aliishi nyuma ya duka, na kwenye ufa wa ukuta wa chumba chake nyuki wadogo walikuwa wamejenga mlango wa nta, mwembamba kama mrija. Nilivuta asali kidogo kwa bomba la sindano, nikaipeleka Mbeya. Duara lake lilikuwa pana kuliko yote tuliyowahi kuyaona. Mtafiti Mkuu alisafiri mwenyewe mpaka Iringa, wakapeana mkono na Bwana Karim: asali ile isiguswe na mtu, hata mwenye nyumba, mpaka utafiti uishe.

Sasa, Bwana Karim alikuwa na kisukari, na kidonda kwenye wayo kilichogoma kufunga. Kila nikienda lilikuwa swali lile lile.

"Dada Atu, dawa yangu bado?"

"Bado, kaka. Hospitali unakwenda?"

"Nakwenda, wananisafisha, wananifunga, narudi. Lakini naona kama yangu iko hapa ukutani."

Nilimwomba Mtafiti Mkuu tumpe japo kijiko, si asali yake? Alivua miwani.

"Hiyo ni sampuli, si dawa. Akiharibikiwa utajibu nini? Na akipona, utajuaje ni asali?"

Nilikasirika, na bado nakasirika, ingawa alikuwa na haki. Msimu uliofuata asali ya ukuta ule ule haikutoa duara lolote. Ukaja mwingine, ikatoa. Kisha ikagoma tena. Tulipima upya, tukabadilisha bakteria, nikachemsha mwani mpaka vidole vikababuka. Nyuki hula maua ya mwaka ule, wanangu, na mwaka haurudiwi.

Katikati ya mahangaiko hayo Bwana Karim akakatwa mguu, chini ya goti. Alikuwa akilala karibu na asali ile siku zote na hakuigusa, kwa sababu alikuwa ametoa mkono. Mtu wa ahadi hukutesa bila kukugombeza.

Mradi ulifungwa mwaka niliostaafu. Vijana huniuliza tulipata nini. Tulipata kwamba hatukuweza kuthibitisha. Mshahara uliingia, watoto wakasoma, namshukuru Mungu, lakini miguu inauma na jibu sina.

Nilipanda basi kwenda Mlandege, Bwana Karim asije akasikia kwa watu. Njia nzima nilijifunza maneno ya kumtuliza: ungepaka bure, kaka, usijute. Nilimkuta anapima kitambaa, mkongojo umeegemezwa kwenye kaunta.

"Haya, mmemaliza," alisema. "Ningeipaka, mguu wangu ungekuwepo?"

Maneno yangu yalikuwa tayari. Nikayaacha.

"Sijui, kaka."

"Miaka yote hiyo, Dada Atu?"

"Miaka yote hiyo. Sijui."

Alikunja kitambaa polepole, akakiweka kwenye rafu. Kisha akanisukumia kiti.

"Kaa, chai inakuja. Nilikuwa naogopa utakuja kunidanganya."

Nikakaa. Nikalia mbele ya wateja wake, mtu mzima mimi, na yeye akaendelea kupima vitambaa mpaka nilipomaliza.